Vidole Vinne Juu ya Kichwa

Mwinjilisti alikuwa hawezi kuondoa gari bila kuomba, na alikuwa hawezi kuomba bila kufumba macho. Kwa hiyo kila alipotaka kutoka, pikapu yake kuukuu ilikaa ikinguruma mbele ya zizi, yeye akiwa nyuma ya usukani, mkono mmoja kwenye gia, macho ameyafumba kabisa. Kuku walipita chini ya magurudumu bila haraka. Walijua ile sala ni ndefu.

Nilimfahamu kwa miaka mingi na sikumwelewa. Nasema mapema, ili mtu asisome akitegemea kwamba nimebeba maelezo kamili mfukoni. Ninavyo vipande tu, na baadhi ya vipande havikai pamoja.

Mimi ni mtu wa kuhama. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa ujinga wala kwa shida, ila kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Nimebeba mizigo ya watalii mlimani, nimechunga mbuzi wa watu, nimekuwa utingo wa malori, na kwa muda mzuri nimefanya kazi katika karakana moja Kijenge, wanakokata mapaa ya magari ya utalii ili yainuke, mgeni asimame amwone simba bila kushuka. Kila nilipochoka kuhama nilirudi kupanga chumba cha nyuma kwa Mwinjilisti, kwenye mteremko wa Meru, juu kabisa ya Sekei, mahali lami inapokata tamaa na migomba inaanza.

Jina langu alilijua lakini hakulitumia. Aliniita Mpita Njia.

“Umerudi, Mpita Njia?”

“Nimerudi, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Huko ulikokwenda kuna nini ambacho hapa hakipo?”

Aliuliza hivyo kila mara, na kila mara alisubiri jibu kwa makini, kama mtu ambaye angefunga safari siku hiyohiyo kama jibu lingekuwa zuri. Safari moja nilimwambia nimetoka upande wa Serengeti na nimeona nyumbu.

“Na hao nyumbu wanaelekea wapi?”

“Wanazunguka tu, baba. Wakimaliza wanaanza tena.”

“Basi mmekutana,” alisema, akaenda kukamua.

Yeye hakuzunguka. Alipokuwa bado kazini, akihudumia mitaa ya kanisa kuanzia huko juu msituni hadi chini mjini, alihakikisha jioni yuko kwake. Hata semina za wainjilisti za siku kadhaa, wenzake walipolala bwenini, yeye alirudi kwa miguu. Gesti hakuingia kabisa. Alisema ukuta wa gesti unasikia mambo mengi kuliko mchungaji. Na kuhusu kulala ugenini alikuwa na msemo wake: “Kitanda cha mtu kinakumbuka mifupa yake.”

Aliimba besi tu. Wimbo wowote, mahali popote, zizini, shambani, njiani, alishika sauti ya chini peke yake, bila sauti nyingine za kumsindikiza, hata usiweze kujua ni wimbo gani. Mke wake peke yake ndiye aliyeweza kuutambua, na mara nyingine akiwa jikoni alimwongezea sauti ya kwanza, na ghafla ule mngurumo ukageuka kuwa wimbo tulioujua sote.

Ng'ombe aliwasemesha Kimeru. Mungu alimsemesha Kiswahili. Mke wake, aliyezaliwa Longido, alimsemesha Kimaa kibovu ambacho kilimchekesha mama yule hata baada ya miaka yote ile ya ndoa. Mdogo wake, aliyekaa ng'ambo ya ua, hakumsemesha kwa lugha yoyote.

Ua wenyewe ulikuwa wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo huku kwetu ndiyo mpaka wa mashamba. Sale haling'olewi ovyo. Na jani lake lina kazi nyingine: ukimkosea mtu, ukampelekea jani la sale mkononi, hawezi kukufukuza. Atakusikiliza hata kama hataki. Mwinjilisti alikuwa amehubiri dhidi ya jambo hilo. Nilimsikia mwenyewe, nikiwa nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Alisema Mkristo hahitaji jani ili kusamehe wala kusamehewa, neno linatosha. Watu waliitikia amina, nami nikawa natazama shingo ya mdogo wake aliyekaa benchi la tatu, nikijiuliza hilo neno linalotosha limechelewa wapi.

Ugomvi wao ulikuwa wa maji. Mfereji wa ukoo unateremka kutoka msituni, na zamani ulivuka njia ya kutokea kwa Mwinjilisti kwa kupita ndani ya kalavati dogo chini ya ardhi. Masika moja pikapu ilikanyaga ikalivunja lile kalavati. Maji yakapotelea njiani, miche ya kabichi ya mdogo mtu ikakauka. Mwinjilisti alikuwa akielekea kwenye msiba, akasema atalitazama akirudi. Aliporudi kulikuwa kumesemwa maneno, na maneno yakajibiwa. Kesho yake mdogo akasimamisha nguzo mbili, moja kila upande wa njia, akapitisha bomba la chuma juu, maji yakawa yanavuka hewani. “Lisije likavunjwa tena na magurudumu ya mtakatifu,” alisema, na ikawa mara ya mwisho kumsemesha kaka yake uso kwa uso.

Bomba lilivuja tone moja moja katikati. Pikapu ilipita chini yake kwa nafasi ya kutosha, na kila ilipopita tone lilidondoka juu ya bati. Tang. Mwinjilisti alikuwa akikunja uso kabla halijadondoka.

Kwa kuwa hawakusemezana, walisema na ng'ombe. Jioni, kila mmoja upande wake wa masale, ungesikia:

“Wee ng'ombe, kunywa. Kunywa sasa, maana kesho ni zamu ya wale wanaofungua maji kabla jua halijatoka.”

Na ng'ambo: “Wee wangu usijali. Kuna wanaofungua Biblia kabla jua halijatoka, na mchana hawajui walichosoma.”

Ng'ombe walitafuna. Mimi nilikaa kwenye kizingiti changu nikitamani kucheka na nikiogopa.

Sasa nije kwenye trela, maana ndilo linalonifanya niandike.

Mama Mwinjilisti alikuwa na mgongo mbovu. Aliweza kukaa kitako kwa muda wa chai kuchemka na kupoa, basi; baada ya hapo ilikuwa lazima alale chali na kunyoosha miguu. Basi la Namanga, ambalo lingemfikisha Longido asubuhi hiyohiyo, kwake lilikuwa mbali kama mwezi. Na Longido alikuwepo dada yake mkubwa, ambaye macho yalikuwa yamezimika na hawezi kusafiri tena. Walikuwa wakiongea kwa simu kwa Kimaa, Mama amelala mkekani barazani, simu juu ya kifua.

“Anauliza nakuja lini,” alinitafsiria siku moja. “Nimemwambia mgongo ukikubali. Anasema, mwambie huo mgongo hauna dada. Mimi ndiye ninaye.”

Alicheka, kisha akageuka akatazama ukuta.

Wiki ile mvua ilinyesha, na wazungu wawili wakaomba kulala katika uwanja wa kanisa. Nyuma ya gari lao walikuwa wanavuta kijumba kidogo cha magurudumu mawili, umbo la tone la maji lililolala, mbele mviringo, nyuma kimesinyaa. Mwinjilisti alikizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Ndani kulikuwa na kitanda na si kitu kingine. Nyuma kulikuwa na mfuniko unaoinuliwa, chini yake jiko. Jioni alikuja mlangoni kwangu, viatu vimejaa matope.

“Mpita Njia, umeona? Wale wamejenga kitanda, kisha wakakiwekea magurudumu.”

“Nimeona, baba.”

“Wewe umekata mapaa ya magari. Hiki kitakushinda?”

Nilimwambia Longido si mbali kiasi hicho. Angeweza kukodi gari lenye kiti cha kulaza. Aliniangalia kwa huruma.

“Na usiku alale wapi? Kwenye boma la dada mtu, chini, na mgongo ule? Na mimi nilale wapi?”

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijapona. Mtu asiyetaka kulala nje ya kwake alikuwa anajenga nyumba ya kulala nje. Nilipomwambia hivyo alijibu kwamba mimi ninayelala kila mahali sijawahi kujenga hata kiota, kwa hiyo tuko sawa, tuanze.

Ekseli tuliitoa kwenye pikapu iliyokufa. Fremu nilichomelea kwa paipu za pembe nne. Kuta tulikata kwa plaiwudi, umbo alilichora yeye kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi, na mbavu za paa tulizikunja moja moja. Juu tukavalisha bati jepesi. Kina mama wa kanisa waliokuja kumwona Mama waliliita Safina. Ng'ambo ya masale nilisikia ng'ombe akiambiwa, “Tulia, usiogope, ni kibanda cha kuku tu.”

Lilipokamilika lilikuwa zuri kweli. Mwinjilisti aliingia kwa kutambaa, akafunga mlango. Kisha akatoka kwa kutambaa.

“Halifai.”

“Baba, limekwisha!”

“Humo mtu anaweza kulala na anaweza kufa. Kupiga magoti hawezi.”

“Si uombe umelala? Mungu atasikia.”

“Mungu atasikia. Mimi nitasinzia kabla ya amina.”

Nikamwambia tufanye kama karakanani: tukate paa, tuweke bawaba na turubai, linyanyuke mkisimama na lishuke mkienda. Hakutaka. Paa linalopanda na kushuka, alisema, hilo ni kofia. Yeye alitaka paa kama la mabehewa ya zamani ya reli aliyoyaona utotoni: katikati, kuanzia mbele hadi nyuma, sehemu ya paa imeinuliwa kama mgongo, imesimama juu ya kuta fupi mbili, na kuta hizo zina vidirisha vya kuingiza hewa na mwanga. Ukilala chali unaona mbingu kwa pembeni bila kulowa. “Na Mama ni mtu wa kulala chali,” alisema. Nikaanza kulifungua paa.

Siku ya kupima naikumbuka vizuri. Tulikuwa tumeshafungua paa katikati, trela limebaki na pengo refu juu. Mwinjilisti alipanda kitandani akapiga magoti, mgongo wima, kichwa kimetokeza nje kwenye pengo. Mama alikuwa amelala pembeni yake, maana alitaka aone kila kitu, na yeye ndiye aliyeshika fito na kipande cha mkaa. Mimi nilikuwa nimesimama nje, nimeshika ubavu wa paa usiyumbe.

“Weka alama, Mama,” alisema Mwinjilisti, na kwa kuwa alikuwa amepiga magoti, macho yakajifumba yenyewe. Alikuwa hajui kupiga magoti na macho wazi.

Mama akajiinua kitako, akasimamisha fito kando ya sikio la mume wake, akanyoosha mkono juu, akachora mstari.

“Mama,” nikasema, “mbona umepita kichwa? Hapo pana vidole vinne vya ziada.”

Kabla Mama hajajibu, Mwinjilisti akasema, macho bado yamefumbwa, “Acha hivyohivyo. Ni nafasi ya kuimba.”

Nikaacha hivyohivyo. Mtu wa besi anahitaji nafasi ya nini juu ya kichwa, sikuelewa. Lakini trela halikuwa langu.

Ule mgongo wa behewa ulitutesa. Mara ya kwanza niliufikisha hadi nyuma kabisa, na mfuniko wa jiko ukagoma kufunguka. Uliinuka kiasi cha mkono kuingia, kisha ukagonga. Ikabidi nikate tena, niuishie kabla ya bawaba, niulaze kidogo kidogo mpaka uungane na mkia wa tone. Vidirisha tuliviwekea plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kisha tukalijaribu kwa maji. Mama alilala ndani, mimi na Mwinjilisti tukamwaga ndoo juu.

“Hapa!” Mama alipiga kelele. “Kwenye goti!”

Tukaziba kwa silikoni. Ndoo nyingine.

“Sasa ni kwenye jicho! Mnanibatiza mara ya pili?”

Mwinjilisti alikaa chini akafikiri. Kisha akaniambia nitoe mabati yote ya juu na kuyapanga upya, la juu lilalie la chini, kama bibi zake walivyoezeka kwa majani makavu ya migomba, kuanzia chini kwenda juu. Nilikuwa nimeyaunganisha ukingo kwa ukingo, nikaitegemea silikoni inisitiri. “Maji hayana hasira,” alisema, “yana subira. Ukiliachia tundu leo, yatakungoja.”

Tulimwaga tena. Tukasubiri. Badala ya kelele tukasikia sauti ya kwanza ya wimbo, nyembamba, ikitokea kwenye vidirisha. Mwinjilisti akashika besi palepale, ndoo mkononi.

Siku ya kuondoka ilikuja ikiwa na jua. Kina mama wa kanisa walifika na vitenge vyao na nyimbo. Mama alikaa mbele kwenye pikapu, juu ya mto. Mpango ulikuwa waende muda wa chai kupoa, wasimame, alale kwenye trela mgongo upumzike, kisha waendelee. Safari ya asubuhi moja ingechukua siku nzima, na hakuna aliyejali. Dada mtu alikuwa amepigiwa simu. Alikuwa amechinjisha mbuzi. Mwinjilisti akaomba, macho amefumba, kuku wakapita. Kisha akaondoa gari.

Pikapu ikapita chini ya bomba. Tang. Trela likafuata. Mimi nilikuwa natembea pembeni, na nililiona kabla halijatokea, lakini mdomo ukachelewa. Mgongo wa behewa uligusa bomba kwa mlio wa chuma, na kila kitu kikasimama, pamoja na wimbo.

Nilipanda kwenye gurudumu nikapima kwa mkono. Vidole vinne. Paa lilizidi bomba kwa vidole vinne.

Mdogo mtu alikuwa upande wake, ameegemea jembe, anatafuna muwa. Akamgeukia ng'ombe wake. “Umeona mambo? Noa alikumbuka twiga, huyu kasahau bomba.”

Mama mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa kitenge.

Mimi nilijua la kufanya. Niliinama kwenye gurudumu. “Nitoe upepo kidogo, baba. Likishuka linapita, ng'ambo tunajaza. Pampu ninayo.”

“Toa mkono hapo.”

“Ni dakika chache tu!”

“Nimesema toa mkono.”

Nikamtazama Mama kupitia dirisha la pikapu, nikijua anavyoitaka safari ile. “Mama, mwambie.”

“Mwache,” alisema Mama, akitazama mbele.

Nikasema basi nilete grenda nipunguze paa. Mwinjilisti akatikisa kichwa. Nikawaambia vijana wawili waliokuwa wamesimama pale walinyanyue bomba kwenye nguzo zake, lipite, walirudishe. Walitazama miguu yao. Bomba lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama pale, na aliyepaswa kumwomba alijulikana.

Mwinjilisti alishuka. Alisimama chini ya bomba, tone likamdondokea begani. Akafumba macho. Na nikaona kitu ambacho kimenikaa hadi leo: ng'ambo, mdogo wake aliacha kutafuna. Aliutupa muwa. Aliegemeza jembe kwenye mgomba, akapangusa mikono kwenye suruali, akasimama wima kama anayesubiri kuitwa jina.

Tulisubiri wote. Kisha Mwinjilisti akafumbua macho, akapanda kwenye pikapu, akaanza kurudi nyuma, trela likiyumba, mpaka mbele ya zizi.

Jioni simu ya Mama ililia. Sauti ya dada yake ilisikika hadi kwangu.

“Anauliza tumefika wapi,” Mama aliniambia. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, taratibu, ili mume wake naye asikie. “Tumefika kwenye bomba.”

Niliondoka kabla ya mwezi kwisha. Nilikuwa na hasira na sikujua ni hasira ya nani. Mtu aliyejenga kitu kwa uangalifu ule, aliyepita chini ya bomba lile kila siku akikunja uso, anawezaje kulisahau? Na kama hakulisahau, alikuwa anataka nini? Kama alitaka kisingizio cha kutokwenda, kwa nini kujenga? Kama alitaka kisingizio cha kusema na mdogo wake, mbona alirudi nyuma? Niliyabeba maswali hayo kwenye malori, nikalala nayo Singida na Kondoa, nikawasimulia madereva. Dereva mmoja alisema mzee amechanganyikiwa. Mwingine alisema aliyechanganyikiwa ni mimi, mzee alikuwa anajenga trela tu.

Mwaka uliofuata, baada ya masika, nilikuwa Ngaramtoni siku ya soko, napakia viazi. Wafugaji walikuwa wameshuka na mbuzi, barabara ya Nairobi imejaa shuka nyekundu na mikokoteni. Katikati ya vumbi lile nikaona mgongo wa behewa, na vidirisha vyangu viwili vya mbele vimefunguliwa kupata hewa.

Niliacha gunia chini. Trela lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara nyuma ya pikapu ileile. Kwenye mkono wa chuma unaoliunganisha na pikapu palikuwa pamefungwa jani la sale, limekauka, limekuwa kahawia. Na juu ya mkono huohuo, amekaa akitafuna hindi la kuchoma, alikuwa mdogo mtu.

“Shikamoo, baba mdogo,” nikasema, nikijikanyaga.

“Marahaba. Kumbe uko hai. Hivi vidirisha ni wewe uliviweka? Kimoja kinapiga kelele njia nzima.”

“Mmepitaje kwenye bomba?”

“Nimerefusha nguzo.” Alionyesha kwa hindi kuelekea juu. “Sasa hata twiga wa Noa anapita.”

“Nani alianza?”

Alitafuna kwanza. “Alikuja asubuhi na hilo jani. Kasimama mlangoni. Nikasubiri. Miaka yote anahubiri, anahubiri kwenye misiba, anahubiri kwenye harusi, siku ya kunihubiria mimi kakosa neno! Kasimama tu na jani. Nikamwambia kaa, unywe chai, kabla hujaniangukia.” Alifuta mdomo. “Lile kalavati nililijenga kwa saruji kidogo, unajua? Lingevunjika hata kwa baiskeli. Hilo nalo nimemwambia.”

Kutoka ndani ya trela, juu ya vichwa vyetu, sauti ikatoka kwenye kidirisha. “Ni Mpita Njia huyo? Njoo upande huu, siwezi kugeuka.”

Nikazunguka. Mama alikuwa amelala chali, mwanga umemwangukia usoni kwa vipande. Walikuwa wanakwenda Longido kwa mara ya pili. Mara ya kwanza walikaa hadi maziwa yao kule nyumbani yakamchosha jirani aliyeachiwa kukamua. Dada yake alikuwa amemshika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa, akasema, kumbe mgongo una dada.

“Mama,” nikasema kwa sauti ya chini, “nimezunguka na swali moja. Lile bomba alilisahau, au alikusudia?”

“Nani?”

“Mwinjilisti.”

“Na fito alishika nani?”

Nikabaki nimeshika ukingo wa kidirisha.

“Nilipita chini ya lile bomba kila Jumapili, nimelala nyuma ya pikapu, natazama juu,” alisema. “Kimo chake nilikijua kuliko kimo cha mume wangu.”

“Kwa hiyo yeye hakujua? Alikuwa amefumba macho.”

Mama alicheka kile kicheko chake cha Kimaa. “Ndiyo. Alikuwa amefumba macho.”

“Lakini ndiye aliyesema ni nafasi ya kuimba. Kabla wewe hujajibu.”

“Alisema hivyo?” Aligeuza macho akatazama kidirisha cha pili. “Basi muulize.”

Mwinjilisti alikuwa anarudi kutoka sokoni na mkungu wa ndizi begani, akinguruma besi ya wimbo nisioujua. Aliponiona hakuonyesha mshangao hata kidogo.

“Umetoka wapi, Mpita Njia? Kuna nini huko ambacho hapa hakipo?”

Nilikuwa nimelibeba swali lile Singida na Kondoa, na sasa lilikuwa mdomoni. Nikamwangalia, nikamwangalia mdogo wake akipokea ule mkungu na kulalamika kwamba ni mdogo, umepunjwa.

“Hakuna kitu, baba,” nikasema. “Safari njema.”

Walipanda. Mdogo mtu akaenda nyuma kuhakikisha mlango wa trela umefungwa, maana safari ya kwanza iliwafundisha kwamba Mama husafiri vizuri zaidi akibaki amelala humo, kisha akarudi mbele kwenye kiti. Sikuondoka. Nilisimama karibu na dirisha la dereva, karibu kuliko adabu inavyoruhusu. Pikapu ikanguruma. Mwinjilisti akaweka mkono kwenye gia, akainamisha kichwa, akafumba macho, midomo ikaanza kutembea. Mbuzi wakapita mbele ya gari. Sala ikaendelea.

Na katikati ya sala jicho lake la upande wangu likafunguka, wembamba wa uzi tu, likageuka kwa pembeni hadi kwa mdogo wake aliyekaa kando yake ameinamisha kichwa, likakaa hapo kidogo, likajifumba tena.

“Amina,” alisema, akaondoa gari.